Kabla ya kuandika uthibitisho, angalia mabano

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nasomea sayansi ya kompyuta. Nianze kwa kusema kwamba kuandika programu si tatizo langu. Tangu mwaka wa kwanza wenzangu ndio wanaonijia programu zao zikigoma, na mara nyingi kosa nalipata kabla hawajamaliza kunieleza. Muhula huu tumeanza somo la ukokotozi na uchangamano, na sasa ni mimi ninayezunguka kuomba msaada. Sijazoea.

Asainimenti ya kwanza ilikuwa na maswali manne, kila moja alama 25. Nimepata 31 kwa 100.

Swali la kwanza lilitaka tuthibitishe kwamba hakuna programu inayoweza kupewa programu nyingine yoyote ikasema, bila kukosea hata mara moja, kama itachapisha neno "sawa" au la. Tulishafundishwa kuwa tatizo la kusimama haliamuliki, yaani hakuna programu ya kutuambia kama programu nyingine itafika mwisho au itazunguka milele. Tukaambiwa tulitumie hilo. Nikaandika hivi: tuseme tunao mtambo wa kutatua tatizo la kusimama. Naichukua programu niliyopewa, naibadilisha kidogo ili ikichapisha "sawa" isimame papo hapo, na ikifika mwisho bila kuchapisha izunguke milele. Kisha nauliza mtambo: je, inasimama? Jibu lake ndilo jibu langu. Kwa kuwa mtambo huo haupo, tatizo langu nalo haliamuliki. Nimepata 3. Pembeni pameandikwa neno moja kwa kalamu nyekundu: "Mwelekeo!"

Swali la pili lilisema tuandike programu inayotambua lupu isiyo na mwisho, au tueleze kwa nini haiwezekani. Mimi niliiandika. Inaendesha programu kwa sekunde 10; isiposimama, inasema ina lupu isiyo na mwisho. Nimeijaribu kwa programu 12, zote imepatia. Nimepata sifuri.

La tatu lilihusu tatizo la mkoba: una vitu vyenye uzito na thamani, mkoba una kikomo cha uzito, uchague vitu vya kukupa thamani kubwa kuliko zote. Nilitumia jedwali, programu ikamaliza kufumba na kufumbua. Kwa kuwa tuliambiwa tatizo hili ni NP-kamili, yaani ni miongoni mwa magumu kuliko yote katika NP (kundi la matatizo ambayo jibu lake hukaguliwa haraka), nikahitimisha kwamba P, kundi la yale yanayotatulika haraka, ni sawa na NP. Msahihishaji amechora uso unaocheka na kunipa 8.

La nne nimepata 20, lakini Mwalimu, si langu. Usiku ule nilikuwa nimechoka, mwenzangu akanitumia lake, nikabadilisha herufi na mpangilio wa sentensi. Wiki iliyofuata mhadhiri akaniita ubaoni nilieleze. Aliponiuliza kwa nini nimegeuza viunganisho vya grafu (mchoro wa nukta na mistari inayoziunganisha), nilibaki nimeshika kalamu nikitazama ubao.

Naomba unisaidie. Huo mwelekeo ni nini? Nimeelezwa mara tatu na bado. Kwa nini programu inayofanya kazi ipewe sifuri? Je, nikamwambie mhadhiri ukweli kuhusu swali la nne, au ninyamaze maana ameshaona? Na je, somo hili ni la watu wa hisabati tu, sisi wa kuandika programu hatuna letu?

Niliyekwama swali la kwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi. Uthibitisho wako wa swali la kwanza ni kazi nzuri. Ile hila ya kuifanya programu isimame ikichapisha na izunguke isipochapisha ni safi, haina ufa. Shida ni kwamba umethibitisha kitu ambacho hukuulizwa. Msahihishaji aliyeandika neno moja pembeni alikuwa na haraka, labda na rundo la karatasi 80 mbele yake. Mimi nina nafasi, acha tukae hapa kidogo.

Ulichosema ni hiki: "Ningekuwa na mtambo wa kusimama, ningelitatua tatizo la 'sawa'." Kweli kabisa. Lakini sikiliza na huyu: "Ningekuwa na mabawa, ningefika juu ya meza." Naye anasema kweli. Je, tumejifunza nini kuhusu urefu wa meza? Hakuna. Mwenye mabawa anafika juu ya meza, juu ya kigoda, juu ya mnazi. Kukosa kwetu mabawa hakuifanyi meza isifikike.

Kama mfano huo unakuchekesha tu, chukua wa kompyuta. Nataka kujua kama namba n ni shufwa au witiri. Naandika programu: kama n ni shufwa, simama, kama ni witiri, zunguka milele. Nauliza mtambo wa kusimama: je, inasimama? Jibu lake ndilo jibu langu. Kwa kuwa mtambo huo haupo, basi kutambua namba shufwa haiwezekani! Umeona? Ni maneno yako yaleyale, sentensi kwa sentensi, nami nimeyatumia kuthibitisha kwamba kazi anayoiweza mtoto wa darasa la pili ni muhali.

Sasa upande wa pili. Ili kuonyesha kwamba tatizo lako halitatuliki, inabidi mabawa ayashike mwenye tatizo lako. Unasema: "Anayeweza kutambua 'sawa', huyo huyo ataweza kutambua kusimama. Kusimama hakuna anayekuweza. Basi na 'sawa' hakuna." Ugumu unatoka kwenye tatizo linalojulikana kuwa gumu na kumwagikia lako. Wewe uliuchotea upande usio na kitu.

Nadhani lugha nayo inachangia. Tunaita jambo hili kupunguza: tunapunguza tatizo A kwenda tatizo B. Mtu akisikia kupunguza anafikiri A lilikuwa kubwa na B ndilo dogo, kumbe maana yake ni kwamba A si gumu kuliko B. Wengi ninaowasahihisha hukosea hapo hapo. Kwa hiyo neno hilo liache kando mpaka uzoee, utumie kitu unachokijua kuliko wao: funksheni, yaani kipande cha programu kinachopokea ingizo na kurudisha jibu.

Uthibitisho wa aina hii ni funksheni. Una jina, una mabano, una mwili. Funksheni unayoiandika ni ile isiyowezekana. Funksheni unayoiita ndani yake, kana kwamba kuna mtu amekuletea kwenye maktaba ya programu, ni ya tatizo lako; hapa naiita kikaguzi. Swali la kwanza linakuwa hivi:

tatua_kusimama(P, x):
    Q = programu hii:
        endesha P kwa ingizo x, kila inachochapisha kitupwe
        chapisha "sawa"
    rudisha kikaguzi(Q)

Tazama mabano ya mstari wa kwanza. Ndani yake kuna P na x, yaani ingizo la tatizo la kusimama, lile gumu tunalolijua. Hiyo ndiyo njia ya kujikagua kabla hujaandika hata neno moja la maelezo: mabano ya juu yana nini? Yakiwa na ingizo la tatizo uliloulizwa, futa, geuza. Wewe ulianza na "naichukua programu niliyopewa", na programu uliyopewa ilikuwa ya swali la "sawa". Hapo hapo ndipo ulipopotea. Yaliyofuata yote yalikuwa sahihi kwenye barabara isiyo yako.

Sasa soma mwili. Q inaendesha P kwa x. Kama P inafika mwisho, Q inashuka mstari unaofuata na kuchapisha "sawa". Kama P inazunguka milele, Q haifiki kwenye mstari huo abadani. Basi Q inachapisha "sawa" pale tu P inaposimama kwa x, na kikaguzi akijibu kuhusu Q amekwisha kujibu kuhusu P.

Kuna neno moja dogo ambalo wengi huliruka: "kitupwe". Kwa nini tutupe anachochapisha P? Kwa sababu huenda P yenyewe inachapisha "sawa" kwenye mstari wake wa tatu, kisha inazunguka milele. Usipomziba mdomo, kikaguzi atasema ndiyo, na wewe utatangaza kwamba P inasimama ilhali haisimami. Ni kosa dogo la kawaida, aina ile ile unayoiwinda kwenye programu za wenzako. Ndiyo maana sikubali unaposema somo hili halina la mwandishi wa programu. Asiyewahi kuumwa na hitilafu ya namna hii hata hafikirii kuiziba.

Jambo jingine, na hapa ndipo wanafunzi wengi hunisimamisha: "Lakini Mwalimu, kama P haisimami, Q itaganda, na funksheni yetu itaganda nayo." Haitaganda, kwa kuwa Q hatuiendeshi. Tunaiandika tu, kama mtu anavyounganisha vipande vya maandishi, tunamkabidhi kikaguzi aisome. Kuandika mistari miwili hakuchukui milele hata kama kuiendesha kungechukua. Nimewahi kukaa na mwanafunzi mwerevu sana saa nzima kwenye nukta hii moja, akitikisa kichwa, mpaka nikachukua karatasi nikaandika "Vunja dirisha", nikamuuliza kama dirisha limevunjika.

Na usimamaji wenyewe, nani alisema hauamuliki? Alan Turing, mwaka 1936, akiwa na miaka 24, kabla kompyuta tuzijuazo hazijatengenezwa. Alikuwa anajibu swali lililoulizwa na David Hilbert na mwenzake Wilhelm Ackermann mwaka 1928: je, kuna utaratibu wa kimakanika wa kuamua kama kauli yoyote ya mantiki ni halali? Alonzo Church alifikia jibu lile lile la hapana mwaka huo huo kwa njia nyingine. Jina "tatizo la kusimama" limekuja baadaye, Turing hakulitumia. Lakini kiini kinaweza kukaa kwenye kiganja: tuseme mtambo wa kusimama upo. Naandika programu D inayopokea programu nyingine, inauliza mtambo kama programu hiyo ikipewa maandishi yake yenyewe itasimama, kisha inafanya kinyume: ikiambiwa itasimama, D inazunguka, ikiambiwa itazunguka, D inasimama. Halafu naipa D maandishi ya D. Mtambo ukisema inasimama, inazunguka. Ukisema inazunguka, inasimama. Chochote utakachosema, umekosea. Iandike hii kwa mkono wako bila kutazama, leo.

Twende kwenye sifuri yako ya swali la pili. Najua inauma, kwa sababu programu yako kweli iliendeshwa na majaribio yote 12 yakapita. Lakini hayo majaribio nani aliyatunga? Wewe, na uliyatunga ukijua majibu. Hebu iletee programu inayofanya kazi halali kwa sekunde 11. Utasema, basi naongeza muda uwe saa moja. Nami nitaleta ya saa moja na dakika moja. Hapo mwanafunzi mjanja husema muda utategemea ukubwa wa programu: programu fupi ipewe muda mfupi, ndefu ipewe mrefu. Wazo zuri, na limekufa kifo cha kupendeza.

Mwaka 1962 Tibor Radó aliuliza: katika mashine za Turing (kompyuta za kufikirika zinazosoma na kuandika alama kwenye utepe) zenye hali chache tu, yaani kanuni chache za kufuata, zikianza na utepe mtupu, ipi hufanya hatua nyingi kuliko zote kabla ya kusimama? Kwa mashine zenye hali tano na alama mbili, kitu unachoweza kukiandika chote kwenye kijikaratasi, jibu ni hatua 47,176,870. Uthibitisho wake ulikamilika mwaka 2024. Zaidi ya miaka 60 kwa hali tano! Kwa hali sita hakuna anayejua mpaka leo. Na hakuna funksheni inayokokotoleka iwezayo kuupita mfuatano huo wa majibu, kwa sababu tukiwa nayo tungeendesha kila programu kwa muda huo, na isiyosimama tungejua haitasimama kamwe. Yaani tungekuwa tumepata mtambo wa kusimama. Angalia mabano tena: ni upunguzaji uleule.

Ukitaka mfano wa programu moja halisi, andika hii. Ianze na 4, iende 6, 8, 10, kila namba shufwa. Kwa kila moja itafute namba tasa mbili ambazo jumla yake ni namba hiyo. Ikikuta shufwa isiyo na jozi kama hiyo, isimame. Mistari kumi na mitano haifiki. Je, itasimama? Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler kuhusu jambo hilo mwaka 1742, na hadi sasa hakuna aliyethibitisha wala kukanusha. Programu yako ya sekunde 10 ingetangaza jibu kabla chai haijapoa.

Usielewe vibaya, programu yako si takataka. Vikomo vya muda vinatumika kila siku na vinaokoa seva za watu. Zipo pia zana zinazosoma programu na kugundua lupu za wazi zisizo na mwisho. Zinachofanya tofauti na wewe ni kwamba zikikwama husema "sijui". Ungeandika "sekunde 10 zimepita, sijui" badala ya "ina lupu isiyo na mwisho", programu yako isingesema uongo hata mara moja. Lakini swali halikutaka mwenye kusema sijui.

Mkoba wako nitaupitia haraka. Jedwali lako lina safu n na nguzo W, W ikiwa kikomo cha uzito, kwa hiyo kazi ni n mara W. Inaonekana polinomia, yaani muda unaokua taratibu, kama n mara n. Lakini muda hupimwa dhidi ya urefu wa ingizo, na W huandikwa kwa tarakimu. Ukiongeza sifuri moja tu mwishoni mwa W, ingizo limerefuka kwa tarakimu moja, jedwali limekua mara kumi. Sifuri sita, mara milioni. Huo ni ukuaji wa kipeo uliovaa kanzu ya polinomia. Richard Karp aliliweka tatizo hili kwenye orodha yake ya matatizo 21 mwaka 1972, mwaka mmoja baada ya Stephen Cook kuonyesha tatizo la kwanza la NP-kamili, na jedwali la namna yako linajulikana siku nyingi. Dola milioni moja zilizotangazwa na Taasisi ya Hisabati ya Clay mwaka 2000 bado zipo kwa atakayelitatua swali la P na NP. Uso unaocheka ulikuwa wa upendo, naamini. Alama 8 ulizopewa ni za jedwali, maana jedwali ni sahihi.

(Na kama bado unadhani NP ni kifupi cha "si polinomia", nusu ya darasa inadhani hivyo. NP ni matatizo ambayo ukiletewa jibu la ndiyo pamoja na ushahidi wake, unaweza kuukagua haraka. Yote ya P yamo ndani ya NP. Ndiyo maana kusema "ni la NP, kwa hiyo ni gumu" ni kukosa alama bure.)

Sasa lile la nne, lililokufunga mdomo ubaoni. Kutokana na ulivyoeleza, nafikiri lilikuwa hili: kuna watu kadhaa, baadhi wanajuana, onyesha kwamba kutafuta watu k ambao hakuna wawili kati yao wanaojuana ni tatizo NP-kamili, ukianzia kwenye tatizo la kliki, la kutafuta watu k ambao wote wanajuana. Tumia mabano, G ikiwa grafu ya nani anajuana na nani:

tatua_kliki(G, k):
    H = grafu yenye watu walewale
    kwa kila jozi ya watu:
        kama hawajuani kwenye G, waunganishe kwenye H
    rudisha tatua_wasiojuana(H, k)

Funksheni unayoiandika ni ya kliki, ambayo ugumu wake unajulikana. Unayoiita ni ya swali lako. Umegeuza viunganisho kwa sababu mwenye kujua kutafuta wasiojuana, ukimgeuzia uhusiano, atakutafutia wanaojuana bila yeye mwenyewe kujua. Watu watatu waliojuana wote kwenye G, kwenye H hakuna anayemjua mwenzake, na kinyume chake. Ndilo jibu alilolitaka mhadhiri. Lingekuchukua nusu dakika.

Hapa kuna tofauti moja na swali la kwanza. Kule tulitaka tu uandishi wa Q umalizike, uchukue muda wowote. Huku gharama ya kugeuza inahesabiwa, lazima iwe ya polinomia. Watu 100 wana jozi 4,950. Kwa jumla ni n mara n toa moja, gawanya kwa mbili. Ni rahisi, lakini iandike, kwa sababu anayesahihisha anaitafuta. Na kabla ya yote onyesha kwamba tatizo limo ndani ya NP: ukipewa majina k, unapitia jozi zao moja moja kuhakikisha hakuna wanaojuana. Mistari miwili. Sehemu hii ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na huenda ndiyo iliyokula alama tano za mwenzako, na wewe ukazirithi.

Kuhusu kumwambia mhadhiri, nenda ukamwambie. Amekwisha kujua, hilo umeliona mwenyewe, lakini hujamwambia wewe. Usiende na machozi wala hadithi ya uchovu. Nenda na karatasi yenye funksheni hii uliyoiandika upya kwa maneno yako, sema lile la kwanza halikuwa lako, hili ni lako, na uko tayari alama 20 ziondolewe. Zinaweza kuondolewa kweli, na vyuo vingine vina adhabu zaidi ya hiyo. Hilo siwezi kukufichia. Hata hivyo una mitihani mbele yako, na huko mwenzako hatakutumia kitu.

Sikukatazi kusoma majibu ya watu. Nami nilijifunza hivyo sehemu kubwa. Lakini uthibitisho wa somo hili una wazo moja, labda mawili, na mengine yote ni kuyavalisha nguo. Ukilisoma wazo hilo kabla hujahangaika, limekupita. Utalikumbuka kama unavyokumbuka namba ya simu ya mtu. Kwa hiyo hangaika kwanza, hata saa moja tu, uwe na karatasi iliyochafuka. Ukisoma la mwenzako baada ya hapo, lifunge, subiri hadi kesho yake, uandike bila kulitazama. Ukishindwa katikati, umepata mahali hasa usipopaelewa, na hapo ndipo pa kupeleka kwa msaidizi wa mhadhiri. "Sijaelewa upunguzaji" hakuna anayeweza kukusaidia nayo. "Sijaelewa kwa nini tunatupa anachochapisha P" utajibiwa hapo hapo mlangoni.

Nakupa zoezi, nalo ni la kazi yako mwenyewe ya kila siku. Unajua programu kubwa huwa na mistari iliyokufa, ambayo haifikiwi kamwe hata programu iendeshwe vipi. Thibitisha kwamba hakuna zana inayoweza, kwa programu yoyote na mstari wowote, kusema bila kukosea kama mstari huo umekufa. Ingizo la zana hiyo ni programu na namba ya mstari. Usiniandikie uthibitisho wote. Niandikie mambo mawili tu: mabano ya juu yana nini, na mstari gani utamuuliza mwenye zana. Na ujihadhari, kwa zana hii P haina haja ya kuzibwa mdomo, lakini kuna jambo jingine la kuchunga: mstari utakaouulizia usiwe ndani ya P yenyewe.